Sabuni Niliyokusugua Nayo Mwenyewe

Mjukuu wangu uliyeko Mutsamudu,

Nimechoka, kwa hiyo sitazunguka. Acha ile sabuni. Leo, kabla hujaoga.

Unakumbuka ulivyowekwa ndani kabla ya harusi? Nilikusagia liwa kwenye jiwe mpaka mkono ukafa ganzi. Nikakupaka, nikakutazama, nikasema, "Haitoshi." Mimi huyu. Nilitaka wanawake wa Ntsoudjini watakaokuja harusini wakikuona wameze mate, basi nikaagiza sabuni ya kung'arisha.

Katoni tuliifuata sote wawili bandarini, wewe umejitanda shuka la shiromani mpaka machoni, mwali asijulikane. Siku zile Wazungu wa bunduki, wale mamluki, ndio walioshika mji. Mmoja akaipekua, akanusa mche mmoja, akacheka. Askari wetu akatufasiria: "Anauliza, bibi, unataka mjukuu afanane naye?" Nikamjibu, "Mwambie ameiva kama pweza, nani amtake?" Ukanifinya kiuno kwa hofu. Tulicheka hadi nyumbani. Yule mtu alitafuta silaha, akaturudishia sumu.

Sumu, ndiyo. Juzi mkunga alinisomea karatasi ya sabuni: zebaki. Yale maji ya fedha yaliyomo kwenye kipimajoto! Kumbe hupenya ngozi, hukaa kwenye figo, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto. Nawe una miezi mitano, mwanangu.

Nikamwambia, basi nitaitupa baharini. Akanikaripia, mimi mtu mzima: "Samaki waile, nasi tuwale?" Hata kuchoma, hataki. Miche iliyobaki nimeifunga ndani ya kopo, nikamkabidhi yeye. Jirani nilipomwonya, akasema nawaonea wivu wasichana. Na aseme, uso wake mwenyewe umeshatoka mabaka.

Uliniandikia kwamba mikono inakutetemeka ukishika sindano ya kofia. Nikakujibu ni uvivu. Nisamehe. Neno hilo sijalizoea, usinifanye nilirudie.

Chukua mche mmoja, uende nao hospitali, uwaonyeshe, uwaambie na habari ya mikono. Mama mkwe akiuliza mbona unarudi kuwa mweusi, mwambie bibi yako amekataza, aje Moroni tugombane.

Kisha niletee barua. Salamu sizitaki, habari za mumeo sizitaki. Andika "nimeacha", basi. Nitampa mkunga, huyu anayeniandikia, anisomee, kisha nitalala.

Ni mimi bibi yako, mama wa mama yako, niliyekupaka.