Shikamoo ya Doto

Alhamisi.

Mama anaifurahia safari kuliko mimi. Ameshatafuta asali ya Ipole nimpelekee Doto, pacha wangu, anayefanya kazi za ndani Bahrain. Doto amenialika tukapumzike wikiendi ndefu, hotelini ufukweni. Ameshakata tiketi.

Lakini nikimpigia hapokei. Anaandika tu kwamba bosi wake hapendi simu. Bosi wa namna hiyo ndiye atakayempa likizo ya kwenda kuogelea?

Leo kaandika: "Shikamoo dada. Njoo peke yako."

Mama kacheka, eti Uarabuni wamemfunza adabu. Mimi nimeusoma tena ujumbe. Tumezaliwa siku moja. Doto hajawahi kunipa shikamoo, hata kwa utani.

Nimeandika "marahaba", nikafuta. Sijui namwitikia nani.