Jibu la Watoto Kuhusu Chakula cha Jioni Melini

Kirongwe,
Mafia.
13 Oktoba, 2024

Mpendwa mdogo wangu Zubery,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo uliyoniletea kwenye simu nimeipokea, na jibu lake ni marahaba, tena marahaba ya moyo mkunjufu. U hali gani huko? Afya yako je? Mgongo bado unakusumbua ukisimama sana? Unakula kwa wakati, au unalisha watu tu na wewe unajisahau? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola. Mama yetu mkubwa, Bi Mwanamkuu, miguu inamuuma mvua ikikaribia, lakini mdomo wake ni mzima na anatugombeza sote bila ubaguzi.

Utashangaa kupokea karatasi zama hizi. Kwenye simu nimejaribu, lakini ujumbe wangu wa sauti unakufikia nusu, nusu ya pili sijui inakwenda wapi. Tena haya ya leo sitaki uyasikilize umesimama mlangoni pa jiko na sahani mikononi. Nataka ukae kitandani kwako usome taratibu. Shamte, mwenzako wa Chole mnayefanya naye kazi meli moja ya watalii, amemaliza likizo na anarudi kazini juma hili, ndiye ninayempa barua hii pamoja na mfuko wa korosho. Ukikuta korosho zimepungua, muulize yeye.

Kabla sijafika kwenye lenyewe, niache kwanza nijisifu. Tangu Shamte alipotueleza kwamba sasa wewe ndiye msimamizi wa meza za familia zenye vijana, kichwa kimenivimba hata mtandio haunitoshi. Nimemwambia muuza samaki, nimemwambia mwalimu wa madrasa, na juzi sokoni Kilindoni nilimwambia mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua nyanya zake kwa amani. Nilimweleza kwamba mdogo wangu alianza kwa kuosha masufuria chini kabisa ya meli, pasipo hata dirisha, na leo watu wa mataifa wakija na watoto wao wanamuuliza yeye wale nini. Hakuwa ameniuliza, lakini alisikia mpaka mwisho.

Watoto wako wazima. Umi yuko kidato cha kwanza, amerefuka ghafla, magauni yote ya Idi iliyopita sasa ni ya kumpa mtu. Anasoma vizuri, ila hana breki ya mdomo, na watu wanasema amenirithi mimi, jambo ambalo sioni ubaya wake. Ukasha yuko kidato cha tatu. Sauti imekuwa nzito, na mwendo ni wako mtupu. Juzi nilimwona kwa mgongo akitoka shamba nikadhani umerudi bila kuniambia. Mama yao Saleha, Mungu amrehemu, angewaona leo angefurahi.

Pasi zetu za kusafiria kuja kwako zimetoka, zote tatu. Umi hataki mtu aione picha yake. Mimi yangu nimewaonyesha watu wengi.

Sasa nije kwenye lile lililokukosesha raha. Uliponitumia ujumbe ule mrefu kuhusu safari yetu ya Desemba, tulikuwa tumezunguka sinia mchana wa Ijumaa, wali wa nazi na changu wa kukaanga. Niliiweka simu juu ya kigoda, tukakusikiliza wote. Ulieleza vizuri sana, Zubery, hata mimi ambaye sijawahi kukanyaga meli kubwa nilikuwa kama nimeshaingia. Kwamba familia zenye vijana zina pa kuchagua chakula cha jioni. Kuna ukumbi mkubwa wa vitambaa vyeupe, ambako mtu anakaa na mhudumu anamletea kimoja baada ya kingine. Kuna bufee, ambako kila mtu anachukua sahani na kujipakulia. Kuna mpishi Mjapani anayekaanga mbele ya wageni na kurusha mayai hewani. Na kuna piza za kule juu karibu na bwawa, ambako vijana hula peke yao na wazazi wao wakapumua kidogo. Ukatutoa wasiwasi pia kwamba nyama ya halali ipo, mradi waambiwe mapema.

Umi alichagua vyote. Tukimbana achague kimoja, anasema mpishi wa mayai. Mimi nilisema yai likidondoka kwenye baibui langu jipya, mpishi huyo nitamrushia lile lile.

Halafu ukasema ombi lako. Kwamba usiku wa kwanza tukae ukumbi mkubwa, kwenye meza yako mwenyewe ya dirishani, na wewe utawahudumia wanao kwa mkono wako, umevaa sare yako na tai, uwaletee chakula kama unavyowaletea wageni wakubwa. Nilisikia furaha yako ndani ya sauti. Umi alipiga makofi. Mimi machozi yalinilengalenga, na nilimtazama Ukasha nimwone anavyofurahi.

Ukasha alikuwa ameshatoa mkono kwenye sinia. Alinawa, akasema alhamdulillahi, akatoka. Wali wake ulibaki. Jioni alikuja akaniambia, "Shangazi, mimi siendi. Mwende nyinyi." Nilimuuliza sababu, akageuka akaenda zake. Ulipopiga simu Jumapili ukataka kuongea naye, akaniashiria kwa mkono kwamba hayupo, na mimi nikakudanganya kwamba ametumwa dukani. Najua hukuniamini.

Ndipo ukanitumia ule ujumbe mfupi. "Dada, kama mtoto ananionea aibu, mwache. Si kila mtoto anapenda kusikia baba yake anabeba sahani." Nimeusikiliza mara moja tu, sikuweza kuurudia. Nilikaa jikoni nikalia kama mtoto, halafu machozi yalipokwisha nikapandwa na hasira.

Jumamosi nilimfuata nyuma ya nyumba, alikuwa anafua nazi. Nikakaa mbele yake na nikampa vidonge vyake, unanijua. Nikamwambia sare ya shule aliyonayo imetoka kwenye sahani hizo anazozionea haya, na daftari, na paa la nyumba, na hata hizo ndala miguuni. Nikamwambia mwanamume anayemficha baba yake hana wa kumheshimu. Nilisema mengi, mengine sasa nayajutia. Yeye alikuwa anachomeka nazi kwenye kifuo, anavuta makumbi, anatupa, anachukua nyingine. Aliniacha mpaka pumzi ikaniishia.

Akaniambia, "Shangazi, umeshamaliza?"

Nikamwambia nimemaliza kwa sasa.

"Mimi nimuonee aibu baba? Nani kakwambia? Kule shuleni wananiita Kepteni kwa ajili yake, na mimi naitika." Akafuta mikono kwenye kaptura, akanionyesha simu yake. Ile picha yako ya sare nyeupe, umesimama mbele ya meza yenye glasi, ndiyo kaiweka ya kwanza, ndiyo inayowaka akifungua. Sikuwa na habari.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hutaki kwenda?"

Hapo ndipo alipoacha kazi. Akasema, "Nikae mimi kwenye kiti, baba asimame nyuma yangu na kitambaa mkononi, aniulize nataka nini? Nikishakula aje aondoe sahani yangu chafu? Shangazi, chakula hicho kitapita wapi? Akiwahudumia watoto wa watu ni kazi yake, na mimi najivunia. Akinihudumia mimi, nitakuwa mtoto wa namna gani?"

Zubery, niliyekwenda kugombeza nikabaki kuokota makumbi.

Fikiria nyumba yetu ilivyo. Mtoto ndiye anayeleta birika na bakuli, anamnawisha mkubwa mikono, anatandika mkeka, anasubiri mkubwa aanze. Sisi ndivyo tulivyomfanyia marehemu baba, na wewe siku moja ulimmwagia maji kwenye kanzu ya Ijumaa na tunacheka mpaka leo. Ukasha ndivyo anavyowafanyia wazee wote wanaoingia kwangu, na hajawahi kupata nafasi ya kukufanyia wewe akiwa na akili zake. Ulipoondoka alikuwa mdogo, na likizo zako zote za hapa zilikwisha kwa misiba na harusi za watu. Sasa mara ya kwanza mtakayokaa kula pamoja kwa utulivu, wewe ndiye umsimamie yeye! Wewe umezoea watu ambao kwao hilo si kitu, na mimi nilizugwa na vitambaa vyeupe. Mtoto peke yake ndiye aliyeliona.

Basi nakwambia waziwazi, bila kuzunguka. Mwanao hakuonei aibu. Anakuheshimu kiasi kwamba alikuwa tayari kuikosa meli, na bahari, na kila alichokiota tangu mwezi wa sita, kuliko kukaa akatumikiwa na baba yake. Nilikuwa najivunia cheo chako, na bado najivunia, lakini siku ile mbele ya nazi zile nilijivunia kijana wako zaidi. Nilitaka kumkumbatia, akanikimbia, umri wake huo unajua mwenyewe.

Nimemwambia ulivyokuwa umedhani. Sikutaka kumficha. Aligeuza uso, akasema, "Yaani baba alilala na hilo moyoni?" Usiku huo hakula vizuri tena, lakini safari hii nilimwelewa.

Kwa hiyo jibu la familia yako yenye vijana ni hili, na limepitishwa na wote watatu. Tunakwenda, Ukasha akiwa wa kwanza. Tumechagua bufee. Ila si usiku wowote, tunataka usiku ambao huna zamu. Waombe wakubwa zako mapema, waambie una wageni, na kama hawataki nipe mimi niongee nao, Kiingereza changu kitatosha. Usije na sare. Vaa lile shati la kijani nililokushonea, kama bado linakuenea. Utakaa chini, kwenye kiti, kama wageni. Umi atakaa kulia kwako akueleze habari za shule yote, darasa kwa darasa, kwa hiyo uje umepumzika. Ukasha ndiye atakayesimama, atachukua sahani, atakwenda kukupakulia na kukuletea. Ukiinuka kujichukulia mwenyewe hata chumvi, mimi nitakukalisha, mbele ya wazungu wote.

Najua hutaweza kutulia. Mikono yako itataka kupanga vijiko. Jikaze, ni usiku mmoja tu. Siku nyingine tutakuja ukumbini kwako, mimi na Umi, utuhudumie sisi, maana mimi ni dada mkubwa na sina haya yoyote, nataka niletewe kimoja baada ya kingine mpaka nichoke. Ukasha amesema jioni hiyo atakwenda kwenye piza.

Piga simu Jumapili baada ya alasiri, atakuwa nyumbani na atapokea yeye mwenyewe. Usimpe pole, wala usianze kuomba radhi, mtaharibu. Muulize habari za mpira, mengine yatakuja yenyewe.

Bi Mwanamkuu anakusalimu, na anasema akija mtu wa meli kupima uzito wa mizigo, sisi tusikubali. Jirani yetu mzee Shaibu anakupa salamu nyingi na anauliza kama ni kweli meli yenu ina bwawa la kuogelea, maana haoni sababu yake na bahari iko pale pale. Binamu yetu Aziza amejifungua mtoto wa kike, wote salama. Umi anakusalimu, na ameniomba niandike salamu zake kwa wino mwekundu, lakini sina.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Ukasha akaja akasimama mlangoni. Ameniomba nikuulize jambo moja, na kalisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya. Ameuliza, "Shangazi, baba anapenda kula nini? Mimi ndiye nitakayempakulia, na sijui." Nilifungua mdomo nimjibu pweza wa nazi, halafu nikaufunga. Hicho ndicho ulichokipenda ukiwa mdogo mikononi mwangu. Unachokipenda sasa hata mimi sikijui, na katika miaka yote hii uliyotueleza wageni wako wanavyokula, hapa nyumbani hakuna aliyewahi kukuuliza wewe. Basi mwandikie mwanao, baba Ukasha. Anasubiri.

Mwenyezi Mungu akulinde huko majini, akuzidishie afya na riziki ya halali, na atukutanishe Desemba tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nisiyechoka kukusifu kwa watu,

Mwanahalima