Soseji Mbili za Mwisho za Mama

Shamba la Combe-Noire,
Karibu na Morteau,
Jumapili, 25 Novemba 1984.

Mpendwa mdogo wangu Ferjeux,

Hujambo, mdogo wangu? Ghislaine mkeo hajambo? Na kale kabinti kenu Solange, ambako hatujakabeba hata mara moja, kameshaota meno? Nasikia baridi ya huko Kanada haina huruma. Vaa soksi mbili, usijifanye kijana. Sisi huku tu wazima. Goti langu linaniuma kila theluji ikikaribia, Marius mume wangu anakohoa na sigara haachi, na baba anakula, analala, anaamka. Mengine ya baba nitakueleza hapa chini.

Ng'ombe wa jirani yetu Cuenot wameshaingia zizini, na bila kengele zao mlima umekuwa kimya mno. Zamani, majira kama haya, nguo zetu zote zilinuka moshi, hata shuleni mwalimu alitutambua kabla hatujafika mlangoni. Siku hizi koti langu linanuka sabuni tu. Nimekukumbuka sana, Ferjeux. Kuna wakati nafua, au namenya kitunguu, halafu nakukumbuka ghafla mpaka inabidi nikae chini.

Tangu tumzike mama baada ya Pasaka, baba hakuwasha tena moto wa kukaushia nyama. Ile dohani yetu ya moshi, yenye ukubwa wa chumba kizima, ambamo tulikuwa tunasimama wawili tukihesabu soseji zinazoning'inia juu ya vichwa vyetu, ilibaki baridi kama pango. Baba alisema moshi ulikuwa kazi ya mama. Mwezi uliopita akapatana na fundi aje aizibe kwa mbao kabla ya Krismasi, ati inapitisha upepo. Nilimsihi, nikalia mbele yake, wala hakuinua uso. Niliogopa, mdogo wangu. Niliona kwamba siku dohani ile itakapozibwa, baba naye atakuwa amemaliza, na wewe hutakuwa tena na nyumbani pa kurudi isipokuwa makaburini.

Zilikuwa zimebaki soseji mbili za mkono wa mama. Alizijaza mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, akazifunga kwa kijiti mwishoni, akazining'iniza juu ya moshi wa misonobari na mireteni. Nilizificha kwenye friza, chini ya maharage, kama mwizi. Jumapili iliyopita nikasema potelea mbali, nitapika moja, baba aonje mkono wa mkewe, huenda moyo ukamrudia.

Nilipika kama mama alivyotufundisha. Maji ya baridi, soseji ndani nzima nzima na kijiti chake, moto mdogo, maji yatetemeke tu yasichemke. Viazi na mboga ya liki nikaviweka pembeni kusubiri. Harufu ilipoanza kupanda niliona pua ya baba inacheza, ingawa alijifanya anasoma gazeti. Nikamwambia Marius aangalie sufuria, nikashuka stoo kuchukua jibini.

Niliporudi, Marius alikuwa amesimama jikoni, uma mkononi, anatoboa soseji ya mama! Ameshaitoboa kotekote. Mafuta yalikuwa yanaelea juu ya maji, mekundu, yanang'aa. Unajua mume wangu ni mtu wa pwani, wa Marseille, na miaka yote hii mama hakumruhusu hata kusogelea jiko. Nilishika mlango tu.

Baba ndiye aliyesema. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Wewe! Weka huo uma chini! Nani kakutuma?"

"Mzee, kwetu tunazitoboa ili zisipasuke."

"Kwenu mnajua samaki! Hiyo ni soseji ya mke wangu Philomène! Utamu wake wote umeumwaga majini. Haya, kunywa hayo maji sasa! Kunywa!"

Na Marius, Mungu ambariki kwa upumbavu wake, akachukua kikombe, akachota, akanywa. Akashusha kikombe, midomo inang'aa mafuta.

"Mzee," akasema, "hata maji yake tu yanashinda soseji zote za kwetu."

Baba alimkazia macho. Kisha akacheka, Ferjeux. Alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kilio palepale, kilio ambacho hata kanisani siku ya maziko hakukitoa. Marius akamshika bega, naye hakumsukuma. Mimi nililia pale mlangoni na jibini langu.

Baadaye akajifuta, akauliza kama ipo nyingine. Nikaitoa ile ya mwisho. Akanifukuza jikoni, akaipika yeye, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko asibanduke. Kila mvuke ulipozidi alipunguza moto na kumtukana Marius, na Marius alijibu, "Ndiyo, mzee." Tulikula giza likiingia. Ilikuwa yenyewe, mdogo wangu, mkono wa mama mtupu. Nilitafuna polepole na kila tonge nilikuwa nakuwaza wewe, kwamba ndiyo inakwisha na hukuionja.

Jumatatu baba alimpigia simu fundi asije. Juzi akaletewa nyama ya nguruwe na Cuenot, tukakata, tukajaza, tukafunga. Marius alichonga vijiti, vimepinda vyote. Jana asubuhi moto umewashwa, na sasa hivi ninavyokuandikia macho yananiwasha kwa moshi na nina furaha.

Nakueleza la mwisho, nawe ulipime. Baada ya zile za kawaida, baba alitengeneza ile soseji nene inayoliwa Krismasi, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Nikamwuliza yote hiyo ya nini. Akaitundika, akaitazama, akasema, "Sisi watatu hatuimalizi." Akatoka kwenda kupasua kuni.

Unamjua baba yako. Tangu azaliwe hajamwomba mtu kitu.

Cuenot na mkewe wanakusalimu, Marius pia, na amekataza nisikuandikie habari ya uma. Mbusu Ghislaine, mbusu na Solange mashavu yote mawili. Mungu awalinde ninyi watatu na awafungulie njia.

Wako akupendaye, anayekutandikia kitanda tangu leo,

Dada yako Honorine