Mafuta ya Bata Bukini ya Baba

Keskil,

Mafuta ya bata bukini yamo kikombeni, kando ya jiko. Mpake baba mashavu, midomo na viganja kabla hujamtoa nje. Maji usimguse nayo.

Asubuhi ulimsugua kwa sabuni, eti ananuka, ukamketisha kwenye theluji upige naye picha ya kuwaonyesha wenzako wa mjini Yakutsk. Uso uliotolewa mafuta ukampasuka kwa baridi hadi kutoka damu. Tangu apooze hawezi kusema, lakini machozi yalimtoka, na chumvi yake ikamchoma kwenye nyufa zile zile. Nawe ukacheka: “Dada, unamdekeza mzee!”

Barafu ya maji ya kunywa iko mlangoni, iyeyushe. Kuni zisiishe.

~~Nitarudi jioni.~~ Niko kwa shangazi Matryona hadi Jumapili. Ni baba yako pia.

Dada yako