Kinanda cha Kuiga

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Likoni sote hatujambo, na dada yako amejifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi. Waniuliza ununue kinanda cha kuiga au ungoje cha asili. Miaka ya themanini, shoga yangu Mwanaisha alipiga cha kuiga kwenye harusi Kisauni, nami nikiimba kando yake. Wapigaji wa upande wa bwana harusi wakacheka: "Hicho cha watoto!" Katikati ya wimbo kitufe kimoja kikakatika sauti. Kila zamu yake ilipofika, sauti ile nikaiimba mimi, kisha wanawake wote wakaidakia kwa vigelegele. Baadaye mama wa bibi harusi akauliza, "Kinanda hiki kinachoimba kama watu mmekipata wapi?" Wallahi, tulicheka mpaka kivukoni.

Kinunue, mama, ukipige.

Bibi yako,
Mwanakombo