Mlo wa Tano wa Fadlan

Padang, Jumatatu

Kwa Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini goti limepungua kuuma na mpunga wa shamba la chini mmeshauvuna. Mimi nina uchovu tu. Mjukuu wako Fadlan yu hai. Nianze na hilo usije ukafa kwa presha bure.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Amezaliwa kwa mimba ya miezi saba, gramu elfu moja mia moja na hamsini, mkono mwembamba kama kidole changu. Siku ya kwanza nilifanya ulivyoniagiza: yale maziwa ya mwanzo, ya njano, nikayakamua nikamwaga, maana kwetu tunasema yamechacha. Sista Elvina, muuguzi wa wodi hii, akanifuma kwenye sinki, akaniuliza kwetu tuna ng'ombe wangapi hata tunamwaga maziwa hovyo. Alipoona nalia akakaa nami. Akasema mtoto mdogo hivi hangojewi apate nguvu ndipo alishwe. Analishwa ili azipate, matone machache kila saa mbili, kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Na yale ya njano ndiyo kinga yake.

Sikulaumu, Mama. Mikono iliyomwaga ni yangu.

Nikakamua tena mpaka vidole vikafa ganzi. Hayakutoka. Ndipo kaka Zulfikri akamleta wifi Desrita pamoja na kichanga chao Hanifa. Wauguzi wakampima wifi damu, akakamua kikombe kizima, huku akinitania kwamba mwanangu anakunywa kwa haya kama mkwe aliyekuja ugenini.

Sasa lile zito. Tangu mimba ulikuwa ukisema akiwa wa kiume atamwoa Hanifa, binti wa mjomba wake, kama kwetu inavyopendwa. Nami nilijua kuwa milo mitano ya maziwa ya mama mmoja inawafanya watoto kuwa ndugu wasioweza kuoana. Nilimpigia ustadhi, akasema hata kwa mpira ni kunyonya. Baada ya mlo wa nne wifi akasita. Akasema, weee, Mama atatuchinja sote wawili, tungoje kidogo, labda yako yatashuka jioni. Sista akasema tumbo hili halijui jioni. Nikamwambia wifi ampe. Hakunishawishi mtu, Mama. Nilijua ninachovunja, na hata ingekuwa kesho ningemwambia vilevile ampe.

Kwa hiyo wifi asisemwe hata neno moja. Kama una hasira, niletee mimi.

Yangu yameanza kushuka tangu juzi. Uzito wake ulipungua wiki nzima, jana ukapanda gramu ishirini.

Ukija, usilete asali wala ndizi ya kuponda; hatapewa. Njoo na blauzi ya vifungo mbele. Watoto hawa hulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, na kifua changu kimechoka. Fadlan anahitaji kifua cha pili, nami nimesema ni chako.

Baba na majirani wote wapate salamu zangu.

Mwanao akupendaye,
Rahmita