Daftari la Walimu wa Farasi

Dzaleka, Dowa
Jumatano, 18 Juni 2025

Mpendwa kaka Apollinaire,

Nakusalimu kwa niaba yetu sote uliotuacha kwenye vumbi la kambi ya Dzaleka. Hujambo? Na Aline hajambo? Mara ya mwisho tulipozungumza mgongo ulikuwa unamsumbua, niambie kama umepoa. Gabriella na Maombi bado wanasema Kiswahili, au wanakujibu kwa Kiingereza tu? Kama ni hivyo, wanyime ugali mpaka wauombe vizuri.

Sisi tuko wazima, Mungu anatutunza. Baridi ya mwezi huu inauma na Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, unamjua. Akilimali wangu ameota meno mapya ya mbele na anang'ata kila kitu. Mahindi ya Dowa yametoka vizuri safari hii, kwa hiyo nsima, huu ugali wa huku, ipo.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Kuna familia jirani inayohamia huko kwenu Adelaide wiki ijayo, nikaona niwape barua. Tena jambo lenyewe haliingii kwenye simu, maana kila nikianza kulieleza mtandao unakatika pale pale penye utamu. Ni habari ya Baba na farasi. Usicheke kwanza.

Unajua kwamba tangu tufike hapa, miaka kumi na moja sasa, Baba hakushika chaki. Diploma yake ilibaki Bukavu, na shule hazikutaka mzee asiye na karatasi. Mwalimu Kalala, aliyefundisha hesabu nusu ya mji, akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda na kuhesabu kuku wa jirani. Nilikuwa nimezoea kumwona hivyo, na leo naona haya kusema kwamba nilizoea.

Mwezi wa pili baraza la wazee wa kanisa lilimwita. Vijana wanabeti sana siku hizi, mpira, farasi, chochote kinachokimbia, na mchungaji alitaka Baba awaonyeshe kwa hesabu kwamba ni bahati tupu. Mzee mwingine angeitikia amina na kurudi nyumbani. Baba alisema, "Mi siwezi kufundisha kitu sijasoma. Munipe miezi tatu." Walitazamana, lakini wakampa.

Sasa, Charlène, yule binti wa shangazi, anauza viatu vya mitumba Area 36, kule Lilongwe. Karibu na meza yake kuna duka la kubeti linaloonyesha mbio za farasi za Afrika Kusini, na karatasi za matokeo zikishapitwa na siku wanazitupa kwa mafungu. Charlène huzikunja na kuzijaza ndani ya viatu ili visipoteze umbo. Baba alimtembelea, akaketi, akaanza kuchomoa karatasi kutoka kiatu kimoja hadi kingine na kuzinyoosha juu ya goti. "Mujomba, ona sasa, biatu yangu inalala kama bagonjwa," Charlène akalalamika. Baba hakusikia kitu. Alirudi hapa na gunia zima, karatasi za miaka miwili.

Mwanzoni alisoma kama ambavyo mimi na wewe tungesoma, majina ya farasi, umri, uzito. Wiki ya tatu akaacha. Aliniita nikiwa kwenye cherehani, akaweka kidole kwenye safu ndogo ya pembeni, pale wanapoandika jina la mtu anayemfundisha farasi. "Solange, angaliya hapa. Bantu bote banaangaliya mutoto. Hakuna mwenye anauliza mwalimu wake njo nani." Nikamjibu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa sababu nilikuwa na zipu ya mteja mkononi na nilitaka aondoke. Alinitazama kana kwamba nimemtegulia kitendawili.

Basi akaanza upya, kila mkufunzi na ukurasa wake. Aliwatenga farasi wachanga wanaokimbia mara ya kwanza, waliohama kutoka kwa mkufunzi mwingine, na waliorudi baada ya kupumzishwa miezi miwili au zaidi. Kaka, hapo ndipo mwili uliponisisimka. Kulikuwa na mmoja ambaye Baba alimbatiza jina la Mzee wa Mapumziko. Alikuwa amerudisha farasi mia moja kutoka mapumzikoni, na thelathini na mmoja kati yao walishinda siku ile ile waliyorudi. Mwenzake, mwenye sifa kubwa na farasi wengi zaidi, alirudisha mia, wakashinda watano. Mwaka jana hivyo, mwaka juzi hivyo hivyo.

Nilitazama ukurasa ule muda mrefu, kazi ya watu ikanisubiri. Mtu huyo anaishi mbali, hatujui uso wake wala lugha yake, lakini tabia yake ilikuwa imelala kwenye daftari letu kama unyayo kwenye udongo wa mvua. Nilimuuliza Baba anafanyaje. "Hana haraka," akasema. "Farasi akichoka anamuacha apumuzike, mupaka farasi mwenyewe atake kukimbia." Nikaogopa kidogo, kaka, kwa woga ule wa kuingia kanisani kukiwa hamna mtu. Nilikuwa nadhani Mungu ameweka mpango kwenye mvua na kwenye mimba tu. Kumbe hata kwenye kitu ambacho hatupaswi kukigusa.

Baba hakuridhika. Alisema hesabu isiyo na shahidi ni hadithi, na wazee watadai kwamba anachagua farasi baada ya kujua matokeo. Kwa hiyo kila Alhamisi Charlène alituma picha ya ratiba kwa simu, Baba aliandika majina ya farasi wa Mzee wa Mapumziko wanaorudi wiki hiyo, nami nilikishona kikaratasi ndani ya pindo la pazia la mlangoni, kwa mshono wangu mdogo ambao hakuna anayeweza kuufumua na kuurudishia nisijue. Mama alisema nyumba hii sasa inaficha farasi nguoni. Mwisho wa mwezi wa nne pazia lilikuwa zito chini na majina yametimia ishirini. Kwenye kikaratasi cha kwanza Baba alikuwa ameandika pia: watashinda sita, labda saba.

Nilifumua pindo mbele ya Baba, Mama na mume wangu Guelord, huku Charlène akisoma matokeo kwenye simu. Tulihesabu mara mbili. Walikuwa saba. Mama alivikusanya vikaratasi, akavihesabu mara ya tatu.

Lakini kila mtu husikia kwa sikio lake. Mimi nilisikia saba kati ya ishirini. Guelord alisikia wameshinda.

Unamjua Guelord, si mtu mbaya. Amechoka tu kungoja. Majina yetu yako kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishwa ng'ambo tangu Akilimali hajazaliwa, na kila jirani anayefungasha anamwachia kidonda. Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilitoka bombani na ndoo kichwani, nikakuta nafasi ya cherehani iko wazi. Cherehani yangu, kaka, ile tuliyoipata mwaka wa pili hapa, inayotulisha. Mke wa jirani alisema amemwona Guelord ameifunga nyuma ya baiskeli ya kabaza, zile zinazobeba abiria kwa pesa, wanaelekea barabarani.

Nilikaa chini pale pale penye alama za miguu yake. Baba alitazama, akafungua daftari, akakuta ukurasa wa Mzee wa Mapumziko umekunjwa sikio. Hakugomba. Alivaa koti lake la Jumapili, akachukua daftari na fimbo, akasema twende Area 36.

Tulimkuta kwenye meza ya Charlène. Cherehani ilikuwa juu ya karatasi ya plastiki, na mnunuzi alikuwa ameenda kuleta pesa. Charlène alikuwa amewachelewesha kwa makusudi, mara chai, mara anatafuta kitambaa cha kuijaribia, na aliponiona alishusha pumzi. Guelord hakuinua macho.

"Mama Akili, wacha," akaniambia kabla sijafungua kinywa. Halafu akamgeukia Baba. "Mwalimu, we mwenyewe njo uliandika. Iko mumoja anarudi leo, saa nane. Wa ule Mzee. Nilitaka batoto batoke hapa, njo hiyo tu."

Baba aliketi kwenye boksi la viatu, magoti yakalia. "Niliandika," akasema. "Na upande wa nyuma wa hiyo ukurasa, ulisoma?"

Hakuwa ameusoma. Mimi pia, kwa kweli, sikuwa nimeusoma. Baba akageuza karatasi. Kule nyuma aliandika, kwa kila ushindi, duka lililipa nini. "Tuseme ni maharagi," akasema. "Unapeleka bikombe mia, kimoja kila mbio. Huyu Mzee anakushindia mara makumi tatu na moja. Kila mara banakurudishia bikombe karibu mbili na robo tatu. Piga hesabu, mukwe wangu." Guelord alihesabu kwa midomo. "Makumi nane na tano," akasema polepole. "Unatoka na mia, unarudi na makumi nane na tano," Baba akasema. "Benye kupanga malipo nabo biko na daftari. Balianza kuandika mbele ya mi kuanza."

"Na leo?" Guelord akauliza. "Leo tu, Mwalimu?"

"Leo anaweza kushinda. Mara saba kati ya kumi hashindi. Mi sijui leo iko kwa zile saba ao kwa zile tatu, na hakuna mwenye anajua. We unataka kuweka mashini ya bibi yako kwa kitu mi sijui?"

Mnunuzi akarudi na noti mkononi, Mmalawi mpole. Nilimtazama mume wangu usoni. Alizitazama noti zile mpaka yule bwana akaanza kujikuna shingo. Kisha akaweka kiganja juu ya cherehani. "Zikomo, bambo," akamshukuru kwa Kichewa. "Haiuzwi tena."

Tungeondoka hapo hapo, lakini Baba hakusimama. Akasema, kwa aibu kama mtoto, kwamba ameandika farasi mia tisa na hajawahi kumwona hata mmoja. Kuingia duka la kubeti mzee aliyetumwa na kanisa hawezi, kwa hiyo tulisimama nje kwenye baraza na kutazama televisheni kupitia mlango. Saa nane wakatoka. Baba alimtambua wa Mzee wa Mapumziko kwa namba, wa kahawia mwenye doa jeupe usoni, aliyekaa miezi minne bila kukimbia. Alikimbia nyuma ya wenzake karibu njia nzima. Kisha, bila mtu kumchapa, akapita mmoja, akapita wawili, shingo imenyooka, na watu dukani wakasimama.

Alishinda, kaka. Mbele ya macho yetu alishinda.

Baba alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mwalimu muzuri," akasema, "mwalimu muzuri kabisa." Nami nililia pamoja naye, kwa uzuri wa kitu kile, kwamba kweli yupo, ana mapafu na kwato, na Baba alikuwa amemjua kupitia karatasi zilizotoka ndani ya viatu. Guelord hakulia. Alitazama cherehani, akatazama televisheni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezika. Tulirudi Dzaleka tukiwa tumeiweka cherehani katikati yetu kama mgonjwa.

Tangu siku ile alininyamazia. Wiki tatu na zaidi, hakuniambia ila kuomba chumvi na maji. Nilifikiri nimeokoa cherehani nikapoteza mume.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu Baba alisimama mbele ya vijana. Wazee walitaka aseme ni bahati tupu, hakusema. Aliwaambia mpango upo, ameuona, na wanaolipa waliuona kabla yake, kisha akamwaga maharage mezani na kuwahesabia vikombe. Mchungaji alikunja uso. Vijana hawakuuliza habari za farasi. Waliuliza atawafundisha lini kuhesabu hivyo.

Jana, Jumanne, alianza. Mtu alipaka ubao rangi nyeusi, mwingine alileta chaki. Walikuja wengi kuliko mabenchi, wakakaa chini, na wengine wakasikiliza kupitia dirishani. Kaka, laiti ungemwona. Koti limejaa vumbi jeupe, sauti ile ile ya Bukavu iliyokuwa ikituamsha tukisinzia kwenye hesabu za sehemu. Nilisimama mlangoni nikisahau hata kupumua.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Ni Guelord, amekunja mikono. Alimtazama Baba kwa muda, kisha akainama sikioni kwangu, neno la kwanza la maana tangu Lilongwe. "Ule balimupumuzisha miaka kumi na moja," akasema. "Juu ya ule, Mama Akili, ningeweka mashini."

Msalimie Aline, mbusu Gabriella na Maombi, na mwambie kila mtu wa Bukavu utakayekutana naye huko kwamba Mwalimu Kalala amerudi ubaoni. Mama anakubariki, Charlène anauliza saizi ya viatu vyako. Mungu awalinde ninyi wa mbali kama anavyotulinda sisi wa hapa, mpaka tukae tena meza moja.

Mimi dada yako akupendaye siku zote,
Solange